Supu ya Boga kwa Ajili ya Rafu ya Mapenzi

Jumatatu, 4 Machi

Nimemaliza kitabu cha daktari kijana na mjane wa ghorofani. Nimelia mara mbili. Mara ya tatu nilijikaza kisabuni kwa sababu mteja aliingia na pasi. Nikamwambia ni moshi wa kulehemu waya. Akaamini. Fundi wa pasi na feni akisema moshi, nani atabisha?

Jioni nikapita maktaba ya mtaa kubandika maoni yangu ubaoni. Mimi msomaji wa kweli, simpaki mwandishi mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeandika hivi: kitabu kitamu, lakini daktari huyu anatibu saa ngapi? Kurasa mia tatu anamkimbiza mjane kwenye ngazi, wagonjwa wamekaa kwenye benchi tangu sura ya kwanza. Nyota nne. Ya tano nimewawekea wagonjwa.

Mkutubi akaniita mezani. Mama huyu hunong'ona hata akiwa sokoni, na akinong'ona chini zaidi ya kawaida ujue kuna balaa. Leo nilimsogelea mpaka nikasikia harufu ya gundi yake. Rafu zimejaa, akasema. Atamchagua msomaji mmoja akae naye kuamua vitabu gani vibaki na vipi viende stoo. Wanaotaka nafasi hiyo ni wawili. Mimi. Na kinyozi!

Duka lake na langu yanatenganishwa na ukuta mmoja. Mtu asiyesoma kitu ila vitabu vya mafanikio: amka mapema, jiamini, tabasamu mbele ya kioo. Kutwa anatabasamu mbele ya kioo, wateja wanadhani anawacheka vichogo. Ameshamwambia mkutubi kwamba akichaguliwa yeye, rafu nzima ya mapenzi inakwenda stoo. Kule kwenye panya!

Siku nzima watu wananiletea vyombo vilivyoungua na kunigombeza kana kwamba niliviunguza mimi. Nikikaa chini ya rafu ile hakuna anayenigombeza. Huko watu hukosana, hulia, halafu hurudiana. Haiendi stoo. Nikiwa hai, haiendi.

Jumanne, 5 Machi

Mkutubi ametoa masharti. Kila mmoja wetu atasoma kitabu kutoka rafu asiyoipenda, na mpinzani wake ndiye atakayemchagulia. Jumamosi tutasimama mbele ya wasomaji tutoe maoni. Aliyesoma kwa uaminifu ndiye atakayechaguliwa.

Nikacheka moyoni. Kinyozi nimemchagulia Machozi ya Mhasibu. Ni kinene kama tofali, na mimi nimekirudia mpaka kimeanza kuachia gundi. Hata sura ya pili hafiki yule.

Yeye kanichagulia Sufuria Yenye Afya. Mapishi! Nikacheka tena. Picha tupu, nitakimaliza kabla chai haijapoa. Hapo ndipo mkutubi akanong'ona chini kabisa kwamba kwenye maktaba yake kitabu cha mapishi hakihesabiwi kuwa kimesomwa mpaka kipikwe na wasomaji waonje. Ni utaratibu wa siku nyingi, ila mimi sijawahi kuikaribia rafu hiyo, ningejuaje?

Kinyozi alichekelea mpaka fizi zote zikaonekana.

Jumatano, 6 Machi

Nimekisoma dukani, feni ya mteja ikinipepea. Nilikuwa naijaribu.

Maoni ya awali, bila kificho. Mwandishi ni mama mwembamba aliyepigwa picha akitabasamiana na karoti. Ukurasa wa kwanza anasema chumvi ni adui. Mimi na adui huyo tumeishi nyumba moja miaka yangu yote, na hatujawahi kukosana. Mbele kidogo anataka kijiko kimoja cha mafuta kwa watu sita. Kiasi hicho mimi huwa natia kwenye bawaba ili mlango usilie. Na hakuna hadithi! Nilisubiri kitunguu kikutane na mtu, wapi. Sentensi yenye msisimko ni moja tu, pale anapoonya kwamba sufuria isiachwe motoni bila kuangaliwa.

Nimechagua supu ya boga, kwenye sura ya vyakula visivyo na nyama, kwa sababu maelezo yake ni mafupi. Jioni nikamwendea mke wangu kwa sauti laini. Nikamwita malkia wa moyo wangu. Ni maneno ya mhasibu, na kwenye kitabu yalifanya kazi papo hapo. Mke wangu akaniuliza nimevunja nini.

Nikamweleza. Akasema msomaji ni mimi, basi na mpishi ni mimi, na kwamba boga liko chini ya meza. Nikamkumbusha kwamba tulipooana aliahidi kunisaidia. Akasema aliahidi mengi kabla hajanijua.

Alhamisi, 7 Machi

Mama mkwe amekuja kututembelea. Nikaona ni bahati. Nitajaribu supu, na papo hapo nijipatie heshima ya ukweni, ambayo imekuwa haba tangu nilipomtengenezea redio.

Boga ni gumu! Kisu kilikwama, nikalipasua kwa nyundo ya kazini. Kipande kikaruka mpaka miguuni pa mama mkwe. Akasema pole mwanangu, akasogeza kiti. Nikaweka sufuria jikoni. Kitabu kinaagiza mtu akoroge taratibu, bila haraka. Sasa mkono mmoja ukikoroga, wa pili ukae bure? Nikaushikisha kitabu cha rubani na mwalimu wa hesabu. Nikafika pale rubani anapotua shambani kwa baba wa mwalimu bila ruhusa. Mahindi yote chini! Baba anatoka na panga! Roho ikanidunda, nikaketi. Niliposikia harufu ya kuungua nilidhani ni injini ya ndege.

Sufuria imekwisha. Ile ile ambayo mama mkwe alimpa mwanawe siku ya harusi yetu. Aliletewa bakuli la kile kilichobanduka, akalitazama kwa muda, akasema ahsante mwanangu, ameshiba. Hakuwa ameonja hata tone. Mke wangu akanikabidhi sufuria na dodoki. Afadhali angenigombeza.

Nimesugua sufuria hadi vidole vimekuwa vyeusi. Ndiyo maana ukurasa huu una madoa.

Ijumaa, 8 Machi

Wazo! Limenijia nikiwa na bisibisi mkononi, kama mawazo yangu yote makubwa.

Hapo kona kuna mama mwenye mgahawa. Supu zake watu huzipangia foleni na bakuli zao wenyewe. Feni yake imekaa kwangu tangu mwezi uliopita ikingoja koili, ule waya wa mota. Leo nimeifunga koili, nimeifuta vumbi, nimempelekea inazunguka kama mpya. Akafurahi mno. Nikamwomba kesho anipikie supu ya boga ya kutosha watu wengi, na siri ibaki baina yetu. Akauliza kama naitaka ya wagonjwa, yenye chumvi kidogo. Nikamwambia mama, wewe pika unavyojua. Nitaibeba kwenye chupa kubwa ya chai. Nani atajua?

Dhamiri ilinisumbua kidogo njiani. Nikaiambia kwamba ni kwa ajili ya rafu. Ikanyamaza.

Nikapita kumpeleleza kinyozi. Amefunga duka! Ijumaa, wateja wamejaa nje na nywele zao! Nikatega sikio ukutani kwangu. Kimya. Halafu nikasikia mtu anapenga kamasi, tena na tena. Kumbe ana mafua. Kesho hata sauti hatakuwa nayo. Mambo yananinyookea.

Jumamosi, 9 Machi

Aibu! Sijui nianzie wapi.

Maktaba ilijaa. Mke wangu na mama mkwe walikaa mstari wa mbele, kwa sababu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, niliwaalika. Mke wangu alishangaa kuniona na chupa. Nikamwambia nimepikia dukani. Akashangaa zaidi.

Nikaanza mimi. Nikasema kitabu kimenibadilisha. Nikasema siku hizi nikiiona chumvi nageuza uso. Nikamimina supu. Vikasikika vijiko tu. Mzee mmoja alifumba macho akaomba aongezewe. Mkutubi akasema, tena kwa sauti ya kawaida, jambo ambalo sijawahi kulisikia, kwamba hakujua afya inaweza kuwa tamu namna hii. Mama mkwe akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo. Jamani! Nilijiona nimeshaketi pembeni ya mkutubi, rafu yangu salama nyuma yangu.

Ndipo kinyozi akasita kutafuna. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa kitu, akakiweka kwenye sahani. Kang'!

Mfupa. Mfupa wa ng'ombe, na uboho wake ndani.

Kila jicho likanigeukia. Mkutubi alifungua kitabu, akasoma kwa mnong'ono kila kinachotakiwa kwenye supu ile, toka boga mpaka tangawizi. Ng'ombe hakuwemo. Nikasema boga lenyewe lilikuwa limekomaa sana.

Aliyeanza kucheka ni mama mkwe. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumzuia mwenzake. Njia ya mwongo fupi, na yangu iliishia kwenye sahani ya kinyozi.

Kisha akasimama kinyozi. Macho mekundu, yamevimba. Kumbe hayakuwa mafua! Alisema Machozi ya Mhasibu amekisoma chote, na pale mhasibu anapobaki kituoni amemshikia mtu mwavuli, na mtu mwenyewe ameshaondoka na mwingine, alishindwa kunyoa. Alifunga duka asije akamkata mtu. Akasema vitabu vyake vya mafanikio vimemwambia aamke, ajitume, atabasamu, lakini hakuna hata kimoja kilichowahi kumuuliza hali yake. Akaiomba radhi rafu. Hadharani! Akataka isiguswe, bali iongezwe, na vitabu vya mafanikio ndivyo vibanane.

Wakampigia makofi. Akachaguliwa pale pale.

Basi rafu imepona. Nilitaka nini kingine? Nilitaka niiponye mimi, na inaniuma. Nimeipenda miaka nenda miaka rudi, na aliyeiokoa ni mtu aliyejuana nayo juzi. Nimekaa nyuma nikampigia makofi na mimi, mikono ikinuka tangawizi.

Mkutubi amenifungia ubao. Maoni yangu hayabandikwi mpaka nimpelekee supu ya boga ya kitabuni, niliyoipika mwenyewe. Njiani mke wangu akasema kwamba kama ningemwomba anifundishe, badala ya kumwita malkia, angenifundisha. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia mbele ya watu wote wale.

Ijumaa, 15 Machi

Wiki ngumu. Sehemu ya pili ya mhasibu imefika maktaba. Imeagizwa na nani? Na kinyozi. Imeazimwa na nani kwanza? Na kinyozi. Na sasa amezua mtindo: anawasomea wateja, mashine mkono mmoja, kitabu mkono wa pili, kila kichwa na sura yake. Foleni imefika mlangoni kwangu. Wanasimama mbele ya pasi zangu.

Jumatatu nikaenda kunyoa. Akaishia pale mhasibu anapogonga mlango. Mlango wa nani? Jumanne nikarudi, nikadai amesahau nywele kisogoni. Jumatano nikaomba upara. Jana nikamwambia ndevu. Sina ndevu. Akanipaka povu bila kuuliza, akaendelea kusoma. Nimeanza kumpenda kidogo mtu yule, na silipendi jambo hilo.

Leo hakuwa na cha kunyoa. Akasema nikae tu, jirani, atanisomea bure. Nikakataa. Nina hadhi yangu!

Tena nimeshajua la kufanya. Kesho nitabandika maoni ya sehemu ya pili kabla yake. Sura za mwisho sijazisikia, lakini mtu aliyesoma mapenzi kama mimi hahitaji kufika mwisho. Watarudiana. Nyota tano. Mtaa mzima utajua ni nani hasa msomaji.

Kilichobaki ni kufunguliwa ubao. Mke wangu ameshalikata boga, ameweka sufuria mpya na viti viwili jikoni. Anasema ni kazi ndogo, tutapika tukiongea, na mama yake ametuma salamu na tangawizi. Nimemwambia nina feni ya haraka dukani, aanze bila mimi.

Nimekwenda kwa mama wa mgahawa. Safari hii nimemwambia supu aichuje.