Mgongo wa Mama Pudentienne na Pazia la Mikono Miwili

Sogeeni, wajukuu wangu, sogeeni na ninyi majirani mnaojifanya mnapita! Teremsheni sufuria ya mboga ya lengalenga, zimeni redio, maana vita ninavyovisimulia leo redio haikuvitangaza. Kitendawili! Nyumba yangu ina jicho lisilofumba. Mmeshindwa? Nipeni mji. Mmenipa Uvira? Nimeupokea, ingawa mwaka ule kila mwenye bunduki alisema ni wake. Jibu ni dirisha. Nalo ni lile la chumba cha kuzalia katika kituo chetu kidogo cha afya, lililotazama barabara, enzi zile watu walipoikimbia vita, wakatelemka kutoka milima ya Bijombo na magodoro kichwani.

Basi palikuwa na kikundi cha akina mama, Nyumba Ipendeze jina lake, mafundi wa mapazia na vitambaa vya meza, waliopamba sebule za maarusi, na walichopata wakawapelekea wagonjwa na wakimbizi. Jemadari wao Mama Pudentienne, mnene wa mwili, mnene wa sauti, Simba-jike wa Sindano! Na sheria yao ilikuwa hii: anayepima hakati, anayekata hapimi, asije mtu akajisifu kwamba pazia ni lake peke yake. Akapima Pudentienne dirisha lile: mikono miwili kamili. Akakata pazia Léocadie mwenzake: mikono miwili kamili. Lakini, enyi watu, mkono wa Pudentienne ni kasia, na wa Léocadie ni mwiko!

Wakalitundika kwa nyimbo. Likapepea kama bendera ya wafalme, na kando yake pakabaki uwazi wa kupitisha kichwa cha mbuzi.

Ndipo akafika Ninahazwe, mkimbizi, uchungu umemkaza. Akaona ule uwazi, akaona wenye pikipiki wanavyochungulia, akang'ang'ania mlango.

“Minye siingii. Risasi nilizikimbia, ndiyo, lakini haya yangu sikuiacha Bijombo. Afadhali nizalie mu mihogo.”

“Léocadie, weye na mikono yako ya kuku!” akanguruma jemadari.

“Dada, si weye ulipima kama unakumbatia ziwa?”

“Kimbia nyumbani, ulete kipande kilichobaki!”

Léocadie akakimbia. Lakini mtoto hangoji fundi. Basi Pudentienne akatoka nje, akauegemeza mgongo wake kwenye ule uwazi, nao ukazibika, hata mwanga ukaomba ruhusa.

“Ewe barabara mwenye macho elfu!” akatangaza. “Hapa pamefungwa. Anayetaka kuona, aanze kwa kutoboa mgongo huu!”

Ninahazwe akacheka katikati ya uchungu, akaingia.

Wakaja wenye pikipiki, wakageuza. Akaja askari na bunduki yake.

“Mama, iko nini huko nyuma? Sogea nione.”

“Iko kazi iliyokuleta weye duniani, mwanangu. Siku ile mama yako alichunguliwa?”

Askari akavua kofia, akahamia ng'ambo ya barabara.

Jua likamshambulia Pudentienne kipaji cha uso, nzi wakamzingira, miguu ikaasi. Hakusogea hata unene wa uzi. Mpaka nyuma yake ikasikika sauti ndogo, kali, yenye hasira. Msichana! Na Léocadie huyo, anahema, kipande mkononi.

Wenye kuandika historia watahesabu majeshi: nani aliingia, nani alitoka. Mimi bibi yenu naandika hivi: siku ile, tangu saa nne hadi saa nane mchana, dirisha lile halikutekwa.