Wapangaji wa Mguu Wangu wa Kushoto

Kotka, Finland

Kwa Daktari Hilkka Ruohonen,

Salamu kwako na kwa vijidudu vyako. Mimi ni Kaupo, yule Mwestonia wa kiwanda cha mbao niliyechanwa muundi na ubao, kidonda kikagoma kufunga tangu theluji iyeyuke. Ulinipa kopo la krimu yenye bakteria hai, ukasema hao wazuri watawafukuza wabaya, ngozi ipone. Shule niliishia njiani, sikujua kwamba nimekubali kupangisha mguu. Sasa nalalamika.

1. Wapangaji wanadekezwa kunishinda. Hawatakiwi kuguswa na sabuni kali, jua wala jasho. Mimi nikimwambia msimamizi kwamba jasho linanidhuru, ataniuliza nimegeuka mtindi lini.

2. Krimu inakaa kwenye friji ya wote. Tauno, ninayelala naye chumba kimoja, aliipaka kwenye mkate mweusi, akaweka samaki juu, akala. "Mtindi wako hauna ladha, bwana, hata chumvi hauna!" Sasa anajigamba eti utumbo wake una ngozi laini kuliko wa waziri.

3. Hili linaniuma kuliko kidonda. Umenikataza sauna kwa sababu joto litawaua. Daktari, wewe ni Mfini! Kwenu watu hunyamaza wiki nzima, wanakuja kuongea Jumamosi wakiwa uchi kwenye mvuke. Nikikosa sauna, nani atanisemesha? Nakaa nje kwenye benchi kama mbwa wa mgeni. Jumamosi iliyopita nilipata akili: nikaingia mwili mzima, mguu nikauacha nje ya mlango. Mvuke wote ukatoka.

"Funga mlango, wewe!" Tauno akafoka. "Huo mguu ni wa askofu?"

"Una wageni," nikamjibu.

Wakatutoa wote, mimi na wageni wangu.

4. Kwa hiyo naomba bakteria wapangiwe zamu ya kubeba mbao, au mimi nisajiliwe kuwa bakteria, nipakwe taratibu na kuachwa nilale. Yote yakishindikana, njoo uwahamishe kabla ya Jumamosi. Heri kidonda chenye watu wa kuongea nao.

Wasalimie wauguzi, bibi wa mapokezi, na ndugu za wapangaji wangu waliobaki kwenye makopo.

Ni mimi, mwenye nyumba,
Kaupo Rebane

Nyongeza: Leo Jumamosi, kabla ya kuipeleka barua posta, nimefungua bandeji. Kidonda kimefunga! Muuguzi wako amesema kwa simu sauna ni ruksa. Tauno akaniita, "Njoo, nafasi yako iko juu!" Nimefika mlangoni, miguu ikagoma. Wapangaji wamenishonea ngozi bila sindano, halafu niwachome? Nimerudi benchi. Muda si muda Tauno akatoka na taulo lake, anafuka mvuke kama chungu, akaketi kando yangu. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na hapa tunaongea mpaka mbu wametuchoka. Tafadhali usimhamishe mtu. Leta kopo jingine, na la Tauno, lenye chumvi.