Kimya, Tunarekodi!

Jumanne, 7 Agosti 2007

Leo mimi ni mwenye studio, sebuleni kwa Mama! Kompyuta niliyoinunua mnadani, kwa lile shirika linalofunga kazi kwenye kambi ya wakimbizi, imewaka. Mama aliuliza kama inapika. Jumamosi ni harusi ya Eustakia, na nimeshamwahidi baba yake kuwa muziki utatoka kwangu. Frednand, anayepiga muziki harusi zote za hapa, akae nyumbani na redio kaseti yake! Mpigaji ni Irakoze wa kambini, mwenye gitaa la umeme. Tatizo: Ijumaa anapanda lori la kurudi Burundi, yeye na gitaa. Amesema amekaa huku miaka kumi na minne, hataki kuondoka kama mtu ambaye hakuwahi kufika. Maneno hayo yaliniuma. Nikamwambia asihofu, yuko mikononi mwa mtaalamu.

Jumatano, 8 Agosti

Pini ya gitaa nene, tundu la kompyuta jembamba. Nimejaribu kwa nguvu. Nimejaribu kwa mafuta ya kula. Mwishowe nimesimamisha maiki mbele ya spika ya gitaa. Jenereta la kuazima kwa Kazimili nimelificha migombani, mbali kabisa, kelele zake zisiingie kwenye maiki. Akili hizo! Irakoze akagusa nyuzi. Hodi! Ni jirani yetu Bi Nimpaye na beseni la mahindi. Kasikia ngurumo ya jenereta, kadhani nimefungua mashine ya kusaga. Irakoze naye ana adabu kupita kiasi: kaacha gitaa, kamwamkia, kamuulizia na mjukuu. Hadi saa kumi, mabeseni saba! Nimebandika bango mlangoni: KIMYA, TUNAREKODI.

Alhamisi, 9 Agosti

Bango ni balaa. Kila apitaye analisoma kwa sauti, kisha anabisha hodi kuuliza tunarekodi nini. Frednand kalisoma mara tatu, shetani yule! Nikamweka Mama mlangoni awafukuze. Kumbe Mama hawezi kumfukuza mtu kabla ya kumsalimu, wala kumsalimu bila kuulizia maharage, ng'ombe na mguu wa mzee. Na Irakoze humo ndani anapiga huku anaitikia kila salamu, na Bi Nimpaye aliporudi kamwamkia tena na kumuulizia mjukuu! Petroli ikaisha. Tumeambulia wimbo mmoja. Nimeona haya kumtazama usoni.

Ijumaa, 10 Agosti

Lori limeondoka. Irakoze alipunga mkono mpaka kwenye kona. Mama kalia. Mimi ni vumbi tu liliniingia machoni. Yote mawili.

Jumapili, 12 Agosti

Jana niliipeleka kompyuta harusini kwa toroli, pamoja na jenereta na petroli mpya. Nikabonyeza. Ikatoka hodi. Harusi nzima ikaitikia karibu! Ikafuata sauti ya Irakoze akimpa Bi Nimpaye shikamoo, na Bi Nimpaye akasimama, akaijibu kompyuta marahaba, akaiambia mjukuu hajambo. Gitaa lilikuwa huko nyuma, kwa mbali, tamu. Watu walitaka wimbo urudiwe mara tano. Bi Nimpaye alijibu mara tano. Mama alisema ni kana kwamba kijana bado yuko sebuleni. Hata Frednand alifuta machozi, akaja kuniomba nakala.

Fedheha gani hii! Hakuna aliyesifu ufundi wangu. Sifa zote zimekwenda kwa salamu. Leo baada ya misa nimekaa nikachunguza kwa makini kosa lilikuwa wapi, na nimelipata. Bango lilikuwa dogo. Kesho nachora jingine, upana wa mlango, nimwone atakayepita bila kulisoma.