Kanuni 212 za Njia ya Panya

Jumatatu, 7 Julai 2025

Leo nimetoa fotokopi za mchezo wa Imalingat mara thelathini na moja. Mimi mwenyewe. Kwa mashine yangu, katika duka langu, hapahapa Tororo mjini. Wateja wanapanga foleni huku wakitabasamu.

Wa kulaumiwa ni Caro, mwanamke wa saluni upande wa Kenya, Busia. Kila Jumamosi anawasha simu mbili na kurusha kipindi chake mtandaoni: watu wanne mezani wanacheza mchezo wa kusimulia. Kila mmoja anajifanya mtu fulani, msimulizi anawaambia wako wapi na wamepatwa na nini, dadu zinaamua kama wamefaulu. Wiki ya kumi sasa wanacheza Mwamba, uliotungwa na Mwalimu Imalingat. Kurasa nane! Nimewahi kumwandikia mke wangu Florence barua ya kuomba radhi ndefu kuliko hiyo.

Mchezo wangu unaitwa Njia ya Panya. Ni wafanyabiashara wanaovusha sukari mpakani. Miaka sita ya kazi, kanuni 212, majedwali tisa. Nakala mia tatu zimejaa chumba cha wageni, na hakuna binadamu aliyewahi kuucheza. Hilo naliandika hapa tu. Linaniuma.

Sasa Florence ametangaza kwamba mama yake anakuja Jumatatu ijayo kutoka Iyolwa, akae mwezi mzima. Chumba anacholala mama mkwe mimi sikanyagi, ndiyo mila yetu. Florence amesema kitabu kitakachokutwa humo siku hiyo kitakwenda kwa muuza karanga, afungie karanga zake.

Dawa ninayo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwa na mtandao. Mchezo haupendwi kwa uzuri wake, unapendwa kwa sababu umeonekana kwa Caro. Basi. Kesho naenda Busia.

Jumanne, 8 Julai

Nimevuka na nakala moja kwapani. Bega limekufa ganzi. Kevo, anayeshika kamera za Caro, alikipima kitabu kwa mikono miwili, akauliza kama ni cha kusoma au cha kuwekea gari likipata pancha. Nilimsamehe. Ni kijana.

Caro alikuwa anamsuka mteja. Alisoma kanuni ya 77, akafunga kitabu taratibu kama anayefunika maiti. Akaniambia, "Buda, watu wangu wananicheki wakiosha vyombo. Hii wataishikia wapi?"

Halafu akanipa somo ambalo sikuliomba. Mwaka jana walicheza mchezo mmoja wa ng'ambo wenye kitabu kizito, watazamaji wakawa wa kuhesabika. Walipochukua Mwamba mambo yakabadilika: mtu aliwatazama Jumamosi, Jumapili akaucheza kwake na majirani, Jumamosi iliyofuata akarudi kuona wenzake wanaendaje. Kipindi kinabeba mchezo, mchezo unabeba kipindi, ndivyo alivyosema. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza. Nilikuwa natazama taa zake. Lazima siri iko kwenye taa.

Mwisho akauliza huko kwetu nani anaucheza. Ulimi hauna mfupa. Nilijibu kuna kikundi cha watu kumi na wawili, kila wiki, hata mvua inyeshe. Akafurahi. Jumamosi atakuja mwenyewe awarushe mubashara, na wakimpendeza, msimu mpya ni wa Njia ya Panya.

Natafuta watu kumi na wawili.

Jumatano, 9 Julai

Asubuhi kaja Imalingat mwenyewe, anataka nakala hamsini za Mwamba. Mpole kupita kiasi, mtu huyu. Aliulizia afya ya mke wangu na ya mashine yangu. Alipogeuka kusalimia mtu barabarani, nilipunguza wino mpaka herufi zikawa kama moshi. Sijivunii. Lakini vita ni vita.

Aliinua karatasi kwenye mwanga, akasema zinafanana na nyaraka za kale, zinaupa mchezo heshima. Akashukuru mara mbili. Kufikia jioni wateja watano walikuja wakitaka "ile ya moshi". Zenye wino wa kutosha walizikataa.

Alasiri nimepata watu wangu. Kikundi cha malwa, pombe yetu ya ulezi, cha Mzee Okanya! Kumi na wawili kamili, wanazunguka chungu kimoja, kila mtu na kiti chake na mrija wake mrefu. Wana mwenyekiti, wana katibu, wana faini kwa anayetukana. Hawa ni watu wa kanuni, damu yangu kabisa. Mama Aboth, mpishi wa malwa yenyewe, alicheka tu na kuongeza maji ya moto. Mzee Okanya akatoa uamuzi: "Sisi nacheza. Lakini hapana ondoka kwa chungu." Nimekubali. Chungu hakina madhara.

Ijumaa, 11 Julai

Mazoezi. Nilianza kusoma kutoka kanuni ya kwanza, kwa sauti. Kwenye ya tisa Mzee Okanya alikuwa amelala, mrija mdomoni, na malwa inaendelea kupanda.

Mama Aboth aliuliza: na kama afisa wa forodha ni shemeji yake? Nikamwelekeza Jedwali la Nne. Akalitazama, akasema hilo jedwali halijui mashemeji zake. Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa uchungu.

Mpango mpya: wao warushe dadu tu, mimi nitasimama nyuma nikiwanong'oneza kanuni. Nyumbani nimemkuta Florence akimuuliza muuza karanga anapenda karatasi ya ukubwa gani. Sikula.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwisha.

Caro na Kevo walifika saa nane mchana. Simu zikawashwa, mubashara. Kwanza chungu kikaanza kuyumba, maana pale pana mteremko. Mzee Okanya akaangaza macho, akaona kitabu changu, akakisukuma chini ya chungu. Kikakaa sawa. Mbele ya kamera!

Halafu akashika dadu. Alizirusha kama mtu anayefukuza kuku, zote mbili zikaingia ndani ya malwa. Nikaruka kuzitoa. Watu kumi na wawili wakanifokea. Mkono hauingii kwenye chungu cha watu, hata mtoto anajua. Dadu zingesubiri mpaka malwa iishe, na ndiyo kwanza maji yamemiminwa. Katibu akanitoza faini.

Sina dadu nyingine. Kanuni mia na arobaini zinazitegemea. Kevo alianza kushusha simu, nami nikahisi miaka yangu sita inazama pale na ulezi.

Ndipo Mama Aboth akasema, "Si mrija iko? Vuta. Ikitoka, wewe navuka. Ikiziba, askari nashika wewe."

Mrija huziba wakati wowote, makapi ya ulezi yakiingia. Hakuna anayejua lini. Mzee Okanya akatangaza kwamba sukari yake ameificha ndani ya jeneza na yeye ni mfiwa. Akavuta. Ikatoka! Akavuka mpaka akilia machozi ya kweli. Mama Aboth akakutana na shemeji yake wa forodha, mrija ukaziba, na shemeji, yaani katibu, akamweka chini ya ulinzi huku akimkumbusha kwamba hakuja kwenye harusi yake. Watu walicheka mpaka viti vikaanguka.

Mimi nilikuwa nyuma napiga kelele. Kanuni ya 31 inakataza majeneza! Kanuni ya 58, mashemeji hawaruhusiwi! Hakuna aliyegeuka. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma bila kuaga. Nina huzuni kuliko siku niliyofeli mtihani wa udereva mara ya tatu.

Jumapili, 13 Julai

Nilikaa benchi la mwisho kanisani, kofia usoni. Haikusaidia. Baada ya ibada vijana walininyooshea vidole wakiita, "Kanuni ya thelathini na moja!" Nikajua nimekuwa kichekesho cha wilaya.

Caro akapiga simu. Nilitaka kukata. Kumbe watazamaji walidhani mimi ni mmoja wa wachezaji, eti ndiye mkuu wa forodha mwenye hasira. Wamenipenda kuliko wote. Kipindi hakijawahi kutazamwa hivyo, hata siku nzuri kabisa ya Mwamba. Msimu mpya ni wangu, wiki kumi, na kikundi cha Mzee Okanya.

Nilikwenda nyuma ya kanisa nikalia kidogo. Watu wameucheza mchezo wangu. Watu wazima, mchana kweupe, wamecheza Njia ya Panya na wakacheka.

Caro ana ombi moja: niandike ukurasa mmoja tu, ule wa mrija, ili mtu wa nyumbani aweze kucheza. Nilisema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Jumatatu, 14 Julai

Bodaboda tangu saa mbili asubuhi. Vikundi vya malwa kutoka Buhehe, kutoka Masafu, hata kutoka ng'ambo ya mpaka. Wote wanataka kitabu! Nilimuuliza mzee mmoja, Egau, anapenda kanuni ipi zaidi. Alinitazama kwa huruma. Kitabu ni cha kuweka chini ya chungu, akanieleza, si ndivyo ilivyoonekana kwenye kipindi? Chungu kikikaa chini hivihivi mchezo haujatimia.

Imalingat alipita, akaona msongamano, akavua koti. Mama Aboth alieleza mchezo wa mrija, Imalingat akaandika, mistari kumi na moja, mimi nikatoa fotokopi, Florence akachomeka karatasi moja ndani ya kila kitabu. Imalingat anasema tangu jana wateja wake nao wanauliza kama Mwamba unaweza kuchezwa kwa mrija. Hana kinyongo hata chembe. Inachosha kushindana na mtu wa namna hiyo. Nimemrudishia wino wake wote.

Saa tisa alasiri chumba kilikuwa kitupu. Saa kumi mama mkwe aliingia. Florence alinishika mkono mlangoni, akasema hakuamini kamwe, na sasa anaona fahari. Muuza karanga ameondoka mikono mitupu. Siku njema kuliko zote mwaka huu.

Jumapili, 20 Julai

Nimetafakari wiki nzima. Nakala mia tatu zimekwisha kwa siku moja. Maana yake iko wazi: watu wana kiu ya kanuni.

Nimeanza toleo la pili. Kanuni 640. Mrija peke yake una 41, pamoja na jedwali la aina za makapi. Majeneza yameruhusiwa, kwa kibali. Caro alitaka ukurasa mmoja na nimemtumia ukurasa mmoja: ni orodha ya yaliyomo katika juzuu la kwanza. Yako matatu. Hajajibu. Bila shaka anasoma.

Kiwanda cha uchapaji kimeniambia nakala elfu moja zitakuwa tayari katikati ya Agosti. Mama mkwe anarudi Iyolwa wiki hiyohiyo. Leo akiwa kanisani nimekipima chumba kwa kamba, kupitia dirishani. Zitaenea, kitanda kikitolewa.