Daftari la Hospitali, Upande wa Nyuma

Jumatatu, 6 Oktoba 1986

Nimeanza kuandika mambo yangu. Naandika nyuma ya daftari langu la hospitali, nimeligeuza juu chini. Mbele ni maneno ya daktari, nyuma ni yangu. Mke wangu Kalunde hajui kusoma, na daftari la hospitali haligusi kabisa. Anasema lina magonjwa ya watu. Siri iko salama. Mimi Ndolo, fundi wa redio hapa soko la Tulia, si mjinga.

Leo mwethya, kikundi chetu cha kuchimbiana, ilikuwa kwa Mulei fundi cherehani. Watu arobaini na majembe arobaini! Tunachimba matuta shamba moja baada ya lingine mpaka kila mwanachama apate yake. Kila nyumba hutoa watu wawili. Kalunde alienda. Mimi sikuenda. Siwezi! Kuna kitu upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kinatembea. Nikiona jembe kinakimbia. Kalunde anasema ugonjwa wangu unazijua siku za mwethya kuliko katibu.

Jioni Kavata, mwenyekiti wetu, alituma neno. Nimekosa siku tatu. Nisipoleta karatasi ya hospitali kabla ya Jumapili, zamu yangu ya Alhamisi tarehe 16 atapewa Ndululu, achimbiwe shamba lake la pili. Ndululu! Shamba lake la kwanza liko chini ya langu. Miaka miwili sasa mvua inachukua udongo wangu, na mbolea yangu, na mbegu zangu, inampelekea yeye. Mahindi yake yananenepa kwa jasho langu halafu kanisani anasimama kushuhudia baraka. Nikikosa matuta kabla ya mvua, mwaka huu atapokea mpaka mawe.

Na ni huyo huyo mwenye picha ya kifua. Alipigwa picha hiyo Nairobi mwaka jana. Ameitundika dirishani, karibu na kalenda. Mgeni akiingia anaonyeshwa mbavu kabla ya kupewa chai. Mtu mwenye picha kama hiyo hakuna anayemuuliza habari za jembe.

Jumanne, 7 Oktoba

Disipensari. Foleni tangu alfajiri. Daktari Mwangangi alinibonyeza, akanigongagonga, akasikiliza. Akauliza jana nilikula nini. Isyo. Kiasi gani? Nikasema sahani moja. Akanitazama tu. Nikasema tatu. Akasema mahindi na maharagwe ya sahani tatu lazima yatembee, kwani yatakaa wapi?

Nikaomba barua ya kwenda hospitali kubwa nikapigwe picha. Akakataa. Nikamweleza kama fundi kwa fundi: redio haitengenezwi kwa kubonyeza sanduku, lazima uifungue uone waya. Akasema akitaka kunifungua kisu anacho. Nikakohoa kidogo ili anihurumie. Akauliza, tumbo ndilo linauma, mbona nakohoa? Foleni nzima ikacheka.

Kwenye daftari ameandika: "Mzima. Apunguze isyo." Mzima! Nimeung'oa ukurasa huo, nikautia motoni. Sasa mwenzake wa huku nyuma, huu ninaouandika, umelegea. Si kitu.

Jumatano, 8 Oktoba

Mulei ameniokoa. Anasema huko Malili, barabara ya Mombasa, kuna mtu anaitwa Gachanja, Mkikuyu, ana darubini nyuma ya duka la mkewe. Hataki barua ya daktari. Unaleta, anaangalia, anapiga muhuri. Nikauliza, naleta nini? Mulei akashusha sauti. Choo. Ndani ya kiberiti.

Nilimwomba Kalunde kiberiti kitupu. Akauliza cha nini. Nikasema ni cha kuweka skrubu ndogo. Akamimina njiti zote kwenye kikombe, akanipa. Mke mwema, haulizi mara mbili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Malili! Mabasi mawili na vumbi la kutosha kujenga nyumba. Kiberiti mfuko wa shati, nimekifunga kwa uzi.

Nilifika mapema, nikaingia hoteli moja kunywa chai. Dereva wa lori akakaa meza yangu. Akatoa sigara. Akaniomba moto. Sasa mimi nimelelewa vizuri! Mtu mzima akikuomba kiberiti unampa kiberiti. Mkono ulienda mfukoni wenyewe. Kabla hajafungua uzi, turn-boi wake akapiga kelele kuwa wanachelewa. Akasema asante mzee, akakitia mfukoni, akapanda lori. Kiberiti changu kikaelekea Mombasa. Nililikimbilia lile lori mpaka daraja. Nani atanisikia?

Nikaenda chooni nitengeneze kingine. Wapi! Tumbo lilikataa. Siku zote linatembea, leo limekaa kama jiwe. Basi la kurudi ni saa nane. Nikazunguka nyuma ya hoteli kufikiri. Huko kulikuwa na mbwa. Mbwa alikuwa ameshamaliza. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Choo ni choo. Nikanunua kiberiti kipya.

Gachanja aliangalia kwenye darubini. Akavua miwani, akaipangusa, akaangalia tena. Akamwita mkewe Wamucii aje aone. Wamucii akarudi dukani bila kuniondolea macho. Gachanja akauliza nalala wapi, na kama huwa naokota chakula chini. Akasema ana miaka kumi na miwili katika kazi hii, na mnyoo wa nne hajauona kwa binadamu bado.

Karatasi yake ni nzuri ajabu. Muhuri mwekundu. "Minyoo aina nne. Asipike wala kugawa chakula. Watu wasimkaribie mpaka apone." Ndululu ana mbavu tu. Mimi nina aina nne! Dawa aliyonipa nimempa mbwa wetu, kwa niaba ya yule mwenzake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimempelekea Kavata karatasi. Aliisoma mara mbili. Akaishika kwa ncha za vidole. Akasema pole sana Baba Mwende, kumbe ulikuwa unaumwa kweli na sisi tunakusema. Nilishusha kichwa kama mtu anayevumilia.

Jumapili, 12 Oktoba

Ushindi kanisani! Pasta aliniombea kwa jina, ingawa alisimama mbali. Benchi la watu sita nilikaa peke yangu. Kalunde mwenyewe alihamia kwa akina mama. Baada ya ibada watu walimzunguka Ndululu, lakini si kuuliza kifua chake. Walikuwa wanauliza habari za minyoo yangu! Alikasirika, nilimwona. Alienda nyumbani bila kunywa chai ya kanisa.

Nyumbani Kalunde amenipa sahani yangu peke yangu. Ni ile ya kuwekea kuku maji.

Jumatatu, 13 Oktoba

Maskini mimi. Kavata amekuja, akasimama nje ya boma, akaita kutoka njiani. Mwethya wamekaa wakaamua. Alhamisi hawaji kwangu. Mwenye shamba ndiye hulisha wachimbaji, hiyo ndiyo desturi, na chakula cha nyumba yangu nani atakula? Nikasema Kalunde ndiye atapika. Akasema Kalunde na mimi tunatumia choo kimoja. Nikasema basi wasile. Akauliza, watu arobaini wachimbe kutwa bila kula, wamekosa nini? Zamu imeenda kwa Ndululu.

Kwa Ndululu!

Kalunde hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa mlangoni mwa jikoni akitazama shamba. Ana mbegu alizozificha tangu ukame wa themanini na nne, ndani ya kibuyu, hata siku tulizolala njaa hakuzigusa. Nilijisikia vibaya. Nilimwambia nitarekebisha. Akasema usirekebishe kitu Baba Mwende, tafadhali.

Jumanne, 14 Oktoba

Kwa Mwangangi tena. Nikamwambia mimi ni mzima. Akasema ndivyo alivyoniambia wiki jana. Nikamwomba aandike. Akafungua daftari, akauliza ukurasa wake uko wapi. Nikasema panya. Akasema panya huyo amekata vizuri, kwa mstari.

Akaniambia nilete choo. Mara hii kilikuja bila kubembelezwa, nadhani ni woga. Akaangalia kwa darubini yake ya malaria. Kumbe anayo! Bila basi, bila vumbi, bila dereva wa lori! Nikamuuliza mbona hakunipima mara ya kwanza. Akasema niliomba picha, sikuomba darubini, na hata hivyo nilikuwa nimeshiba tu.

Ameandika: "Mzima. Hana mnyoo hata mmoja. Apunguze isyo." Neno tamu kuliko yote katika Kiswahili ni mzima.

Jumatano, 15 Oktoba

Naandika kwenye karatasi ya sukari. Nitaeleza.

Asubuhi nilimpa Kavata daftari. Akasoma maneno ya daktari, akafurahi. Akasema atakaa nalo mpaka jioni, awaonyeshe wengine kwenye ngumbaru. Yeye ndiye anafundisha watu wazima kusoma pale shuleni, na karibu mwethya yote ni wanafunzi wake. Nikamshukuru. Nikarudi kazini nikipiga mluzi. Nilitengeneza redio mbili, moja ikaongea.

Saa kumi na moja nikatafuta daftari niandike ushindi wangu. Chini ya godoro halipo. Juu ya kabati halipo. Nikasema, Ndolo, tulia, liko kwa Kavata.

Liko kwa Kavata! Mbele na nyuma!

Nilikimbia kilomita mbili. Upande wa kushoto haukuuma hata kidogo. Nilipofika dirisha la shule nikachungulia. Kumbe ule ukurasa uliolegea ulikuwa umeanguka mbele ya darasa, Kavata akauokota, akausoma, akaligeuza daftari akaanza mwanzo. Alikuwa ameyaandika maneno yangu ubaoni kwa chaki, herufi kubwa. Bibi Kalondu, ambaye tangu Januari hajavuka herufi M, alishika fimbo akisoma: ni-ki-o-na je-mbe ki-na-ki-mbi-a. Darasa likapiga makofi. Kavata akasema haijawahi kutokea wanafunzi wakaomba wenyewe ukurasa wa pili.

Nilirudi polepole. Kalunde alishasikia. Sijui nani alimfikishia kabla yangu.

Alhamisi, 16 Oktoba (karatasi ya sukari, upande wa pili)

Walikuja! Saa moja asubuhi nilisikia wimbo, nikadhani wanapita kwenda kwa Ndululu. Wakakata kona kwangu.

Kavata alisimama mbele ya wote. Akasema za mwizi ni arobaini, na sisi hapa tuko arobaini. Nikatazama chini. Akasema Kalunde hajakosa siku hata moja kwa miaka mitatu, mara nyingi amechimba sehemu ya watu wawili, na udongo haujamkosea mtu. Matuta ni ya Kalunde. Mimi hukumu yangu ni mtaro wa mpaka wa Ndululu, niuchimbe peke yangu leo, halafu siku kumi popote mwethya itakapokuwa, nikianza na shamba la pili la Ndululu.

Halafu wimbo. Kwetu mtu akikosa hapigwi, anaimbwa. Bibi Kalondu aliutunga usiku mmoja tu. Anauliza: kiberiti kiko wapi? Watu wote wanajibu: kimeenda Mombasa! Na majembe yote yanashuka pamoja. Mbwa naye ana ubeti wake. Ndululu aliimba kuliko wote, eti kifua chake kinauma.

Kalunde alikuwa amepika sufuria mbili za isyo, kumbe yeye alijua watakuja. Watu walikula mpaka wakakwangua. Saa nane matuta tisa, yamenyooka, udongo umetupwa juu vizuri. Kalunde alitembea juu ya moja toka mwanzo mpaka mwisho bila viatu. Nilitaka kulia. Nilisema ni vumbi.

Jumanne, 21 Oktoba

Daftari jipya! Lile la zamani Kavata hajarudisha. Anasema darasa bado halijamaliza, ndio kwanza limefika Malili.

Jana, sikukuu, mvua ilinyesha mchana kutwa. Udongo wangu haukushuka hata kijiko! Ndululu alisimama chini na mwavuli, akitazama juu kama mtu anayengoja mgeni. Nilimpungia mkono. Leo Kalunde amefungua kibuyu, amepanda. Ameniita Baba Mwende bila kukunja uso, na sahani ya kuku amewarudishia kuku.

Lakini kuna jambo. Kile kitu kimehama. Sasa kiko kulia, na kikiona jembe hakikimbii tena, kinakaa hapo hapo kinauma. Mwangangi amekataa barua. Anasema ni msuli, umeshangaa kupewa kazi. Nimechimba siku mbili kati ya kumi. Msuli! Mulei anamjua mtu Machakos mwenye mashine inayochora moyo kwenye karatasi. Hataki barua. Kesho kutwa ni zamu ya kwenda tena kwa Ndululu, kwa hiyo siku hiyo hiyo nitaenda Machakos. Karatasi ya namna hiyo hakuna atakayebisha. Nimemwomba Kalunde kiberiti kitupu, kama tahadhari. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kalunde naye ameanza ngumbaru. Lile somo la Jumatano lilimpendeza sana aliposimuliwa. Bibi Kalondu anasema ana kichwa chepesi, ndani ya siku mbili ameshika herufi zote na sasa anaunganisha. Mwanamke akijua kusoma ni baraka ya nyumba.

Daftari hili nimeliandika HOSPITALI mbele, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa. Huku nyuma ni mambo yangu. Chini ya godoro si mahali pazuri tena, kwa hiyo nimelitia ndani ya kikapu chake cha ngumbaru, katikati ya vitabu. Humo hawezi kulitafuta. Siri iko salama.