Wanafunzi Ishirini na Wawili na Kibodi Yetu Moja

Ndugu Mhariri wa Jarida la Utafiti wa Programu,

Pokea heshima zangu. Mimi ni mwandishi wa programu hospitalini, kitengo cha watu wawili: mimi na mama mmoja tunayemwita Mama Nukta, kwa kuwa nukta ikikaa vibaya huiona akiwa bado mlangoni.

Toleo lenu lililopita liliripoti kwamba wanafunzi ishirini na wawili, walipoandika programu wawiliwawili kwa kibodi moja, makosa yao yalipungua kwa nusu. Mkuu wetu akalisoma. Kesho yake kibodi yangu ikafungiwa kabatini. Naomba kulalamika kama ifuatavyo:

1. Wanafunzi wenu waliandika mchezo mpya wa drafti kwa wiki mbili. Programu yetu ya dawa ina miaka kumi na tisa, na ina mistari ambayo Mama Nukta peke yake ndiye anayejua kwa nini haiguswi.

2. Wao simu zao ziliwekwa pembeni. Sisi wodi zote hutupigia. Tena mimi natumia mkono wa kushoto. Mbavu za Mama Nukta ni mashahidi.

3. Jumanne simu ililia, Mama Nukta akainuka kupokea, nami nikamalizia mstari wake kwa kubahatisha. Dawa ya kikohozi ya watoto ikatoka mililita tano ikawa hamsini. Muuguzi akapiga: "Nyie, mtoto anywe chupa nzima?" Aliyetuokoa ni yeye, si utafiti. Mama Nukta alikagua upya kila mstari hadi jioni; miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kupigiwa simu ya namna ile.

4. Nilipomweleza mkuu, alinijibu, "Utafiti umeshasema, wewe nani?" Kisha akapanua wigo. Sasa wafagizi wawili hushika fagio moja, na gari la wagonjwa lina madereva wawili: mmoja usukani, mwenzake breki. Jana hawakuelewana kwenye kona.

Kwa hiyo nakuomba mojawapo: ama mchapishe kwa herufi kubwa utafiti ulifanyika chumba gani na kwa watu gani, ama mtuletee wanafunzi hao pamoja na chumba chao. Nafasi tutatafuta.

Wasalimie wahariri wenzako, mpiga chapa na mlinzi wa getini. Mama Nukta naye anakusalimu, ingawa bado hajatabasamu.

Wako katika kubanana,
Mwandishi wa Programu, Nusu ya Kibodi

N.B. Juzi nilihamishia kiti changu dirishani, na tangu hapo sijafanya kosa hata moja. Tafadhali tangaza matokeo haya, ili waandishi wa programu duniani kote wahamie madirishani. Umeme hatuna tangu juzi hiyo hiyo, lakini sioni kama hilo linahusika.