Wakongwe Watano Nje, Mimi Ndani

Jumatatu, 6 Januari
Nyuzijoto thelathini chini ya sifuri. Tumefungwa tena, mechi ya kumi na moja mfululizo. Timu yangu ya hoki ya barafuni imezeeka! Golikipa Orest akijilaza kuzuia bao, huinuliwa na watu wawili. Jumapili wanachama wa klabu wanapiga kura kama nibaki meneja, na wakongwe watano, wanachama wote, hawanipendi. Wazo! Nawahamishia wote watano klabu ya Radnor, nami napewa haki ya kusajili chipukizi wawili mwakani. Hadharani nitasema naijenga timu upya. Nina akili mimi!

Jumanne, 7 Januari
Clayton, meneja wa Radnor, alicheka hadi akakohoa. Nikamwongezea mashine yetu ya kunoa viatu vya barafuni. Akakubali. Nyumbani sikusalimiwa. Orest ni kaka wa mke wangu, Darlene. Kaniuliza, "Yaani shemeji yako unamuuza kama ng'ombe?" Nikamweleza kwamba si kuuza, ni kubadilishana. Supu ya kiazisukari nimejipashia mwenyewe.

Jumatano, 8 Januari
Jambo dogo. Kumbe nahodha Metro ndiye pekee anayejua kuendesha gari la kulainisha barafu. Sasa analainisha ya Radnor. Nimejaribu mwenyewe, nikabomoa ukuta wa choo cha uwanja, bomba likapasuka. Fundi bomba wa mji ni Orest! Nimempigia. Kwa upole kabisa kasema, "Shemeji, mkataba unaniruhusu kazi za Radnor tu." Mkataba niliuandika mimi. Tena niliuandika vizuri. Maji yameganda hadi kwenye ngazi.

Ijumaa, 10 Januari
Radnor tisa, sisi bila. Wazee wangu wamefunga saba. Metro alipita mbele yangu akapaza sauti, "Vipi bosi, tunajengeka?" Mashabiki wetu wakamshangilia. Hawana shukrani! Lakini kura zangu ziko salama, wapinzani si wanachama tena.

Jumapili, 12 Januari
Kura thelathini na nane kwa sifuri. Mwenyekiti, Bibi Pawluk, aliuliza nani anataka choo kirudi. Hata mimi nilinyoosha mkono. Kumbe hoja hiyo hiyo ilisema: Metro na Orest warudi, mimi niende Radnor. Niliumia, sifichi. Miaka kumi na sita! Clayton alinikataa mpaka wakamwongezea pirogi, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, dazeni arobaini. Dazeni arobaini! Jimbo zima la Saskatchewan hajahamishwa mtu kwa bei hiyo. Machozi yakakauka.

Jumatatu, 13 Januari
Radnor, meneja msaidizi. Kazi yangu ni kuhesabu taulo. Mwezi ujao wanachama wa hapa wanachagua meneja. Nimetazama mazoezi. Wakongwe wangu watatu waliobaki, wote wananikodolea macho, na Clayton mwenyewe ana miaka sitini na mbili. Timu imechoka hii! Nimempigia Bibi Pawluk kumuuliza kama angependa watu wanne wenye uzoefu. Amekata simu. Bila shaka ameenda kuwashauri wenzake kuhusu bei.